Kitambi Tulichokisifia

Kizazi chetu huku Homa Bay na Migori kilifunzwa na UKIMWI kuogopa kukonda. Miaka ya tisini, mtu akipungua mwili, minong'ono ilianza sokoni kabla hajafika hospitali. Wengine wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wengine wakanyamaza. Kila Jumamosi tulizika watu wa rika letu. Basi aliyenenepa tulimsifu, na kitambi kikawa cheti cha uzima. Silaumu: tulikuwa tumemwona mwembamba na kaburi lake kwa karibu mno.

Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, katika hospitali ya Homa Bay. Waliobebwa na ndugu zao walirudi shambani kulima. Lakini mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudini, iliwabadilisha wengi umbo. Mashavu yalibonyea, mikono ikabaki mishipa mitupu, makalio yakaisha. Wakati huohuo tumbo likajaa, na wengine wakaota nundu ya mafuta nyuma ya shingo. Mama mmoja wa kijijini kwetu alijifunga leso mbili ndani ya gauni ili lisimpwaye makalioni, huku vifungo vya tumboni havifungiki. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache dawa hiyo hatua kwa hatua.

Kwa wale wagonjwa tungeweza kujifunza mapema kwamba mwili mmoja hukonda na kunenepa kwa pamoja, na kwamba la muhimu ni mafuta yamekaa wapi. Yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio yamehifadhiwa mahali pake. Akiba hiyo ikikosekana au ikijaa, mafuta hutafuta makao kwenye ini na kuzunguka matumbo. Damu itokayo matumboni hupitia ini kwanza, ikibeba mafuta hayo. Ini likielemewa, insulini haisikilizwi tena, sukari hupanda, na presha mara nyingi hufuata. Ndiyo maana mwanamume mwenye mikono myembamba na kitambi anaweza kupata kisukari kabla ya mama mwenye mapaja manene.

Siku hizi wengi wako kwenye ARV iitwayo dolutegraviri. Ni dawa nzuri, na asiiache mtu hata siku moja, ingawa baadhi, hasa wanawake, wameongezeka uzito. Wala si dawa tu zinazonenepesha. Baba zetu walipiga makasia ziwani. Watoto wetu wana mashua za injini, wanapanda boda kwenda dukani, na soda haikosekani kuanzia Mbita hadi Isebania.

Wanangu, twaeni kila mmoja kamba yenye urefu wa kimo chake mwenyewe, ikunjeni katikati, izungusheni tumboni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, nendeni mkapimwe sukari na presha. Na mnaochukua dawa kliniki, msiridhike na mizani peke yake: ombeni mpimwe kiuno pia.