Nyota za Darini na Nyota za Kwetu

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyoitazama mbingu na kuyasoma majira yao. Wazee wetu walikitazama Kilimia ili wajue wakati wa kushika jembe, na jina lenyewe latokana na kulima. Manahodha wa pwani nao walishika njia kwa nyota pale chombo kilipokuwa mbali na bara. Elimu hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa chakula na usalama.

Leo watoto wetu wa mjini hukua chini ya taa za umeme, na nyota wazionazo ni za kuhesabika. Ndiyo maana tuliamua kuweka nyumbani mashine ndogo ya kuonyesha nyota. Ndani yake mna balbu kali, mbele ya balbu sahani nyembamba yenye vitone vipitishavyo nuru, na mbele ya sahani lenzi. Tulifunga mapazia, tukaielekeza mashine kwenye dari nyeupe umbali wa kama mita 2, tukaizungusha lenzi polepole hata ule ukungu ukawa nyota. Watoto wakanyamaza kimya.

Asili ya mashine hizi ni Ujerumani. Kampuni ya Zeiss ya mjini Jena ilionyesha ile ya kwanza mwaka 1923 katika jumba la makumbusho la Munich, nayo ilitengenezwa kwa anga la Munich tu. Zile za anga la kusini zilifuata baadaye. Hatuwalaumu waliozibuni, maana kila mtu huanza na mbingu ya kwao. Lakini na sisi tuna ya kwetu.

Sahani ya kwanza tuliyoitia ilikuwa ya kaskazini. Nyota ya Kaskazini ilikaa kitovuni, na nyingine zote zikaizunguka. Mkazi wa Dar es Salaam, aliye karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, haioni nyota hiyo kamwe, kwani iko chini ya upeo wake. Tukatia sahani ya kusini na kuugeuza mzunguko wa mota. Hapo tuliupata Msalaba wa Kusini, lakini Kilimia tukakikosa, kwa kuwa kilibaki katika sahani ile nyingine. Kumbe mwezi Machi, baada ya saa tatu usiku, mtu akisimama uwanjani hapa kwetu hukiona Kilimia kikishuka kaskazini magharibi, na Msalaba ukipanda kusini mashariki, vyote kwa pamoja. Sisi ni watu wa katikati ya dunia. Kwetu nyota huchomoza karibu wima na kuzama karibu wima, na katika mwaka mmoja takriban mbingu nzima hutupitia. Utajiri huo hauenei katika sahani moja.

Tulimwalika mzee jirani yetu aje atazame. Alikaa kitako, akainua uso, akauliza, "Wajukuu zangu, mashariki ya hapa iko wapi?" Kila mtoto akaonyesha upande wake. Mzee hakucheka. Aliwachukua nje hadi penye giza la miembe, akawafundisha kwanza mahali pa kusimama, kisha majina.

Swali lile ndilo kiini cha jambo hili. Mashine huonyesha nyota, lakini haisemi mtazamaji amesimama wapi, wala haimwambii nyota ile bibi yake aliiitaje. Hayo yamo katika vinywa vya wazee, nao wanapungua kila mwaka. Hatuna budi kuyaandika majina ya nyota katika lugha zetu zote, pamoja na kazi zilizofungamana nayo, kilimo kwa uvuvi. Mashine na itumike kama ubao wa shule: mwanafunzi ajifunze humo, kisha atoke nje akasome penyewe.