RANGE YA STAA INALALA CHINI, MAMA ANALALA KWENYE CHUMBA CHA KUPANGA

Mjini hapa kuna msanii, jina kapuni, ambaye mwaka juzi alishusha Range Rover ya 2006 na Insta nzima ikazizima. Nyeusi, V8 ya lita 4.4, viti vya ngozi. Hongera zikamiminika, bei ya shoo ikapanda. Ambacho hakikupostiwa ni kwamba ile hela ilikuwa ya kupaulia nyumba ya mama yake kule Chanika.

Leo hii ndinga imepaki tu uani Sinza, imeinama upande mmoja kama mtu aliyeteguka kiuno.

Sasa wadau, gari haikurogwa. Range za toleo lile, 2002 hadi 2012, hazikai kwenye springi za chuma kama IST. Zinakaa kwenye mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Mpira ukizeeka unapata nyufa, hewa inavuja taratibu usiku kucha. Kompresa nayo inahangaika kufidia mpaka inaungua. Yaani mfuko mmoja uliopuuzwa unakuzalia bili mbili! Ndicho kilichomkuta jamaa. Taa ya dashibodi iliwaka, fundi wa mtaani akamwambia "achana nayo, ni sensa tu", naye akaendelea kula bata.

Wengi wanafeli hapa kwenye hesabu. Gari ikizeeka bei yake inashuka, ila spea zake hazina habari kwamba gari imezeeka. Ukiingia Gerezani unachajiwa kama tajiri. Ukichukua used, nayo huenda imechoka kama hiyo uliyong'oa.

Mbona kuna mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, naye jina kapuni, ana Range ya umri huohuo na inanyanyuka freshi? Kwanza, kabla ya kulipa aliomba gari ilale imepaki kwenye sakafu tambarare, asubuhi akaja kukagua kama kuna kona iliyoshuka. Pili, kila mwezi anatenga fungu la gari kama anavyotenga kodi ya fremu. Oili anamwaga kwa wakati, na taa ikiwaka anaenda kupima kwa mashine siku hiyohiyo.

Kuna wanaomshauri msanii afunge springi za chuma. Inawezekana, mbona hata Range ya kwanza ya 1970 ilikuwa nazo. Gari itasimama, ila ule ulaini na kupanda na kushuka kwa kitufe ndio basi tena.

Juzi kapatikana mteja. Hela anayotoa inatosha mbao na mabati, haizidi hapo. Akiuza, mjini watasema kafulia. Asipouza, mama anaendelea kulipa kodi ya chumba na nyumba yake ipo, haina paa.

Ungekuwa wewe, ungeuza au ungekomaa nayo?