Hivi mkopo wa chuo ni riba?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, dukani kwangu hapa Kilwa Masoko naulizwa swali ambalo halihusiani na mshono. Mama anakuja kupimisha dera, nikiwa bado nimeshika futi anashusha sauti: "Hivi mwanangu, ule mkopo wa Bodi si riba?" Naulizwa mimi kwa sababu wanajua binti wa marehemu kaka yangu, ninayemlea, anasomea ualimu Dodoma, na anasoma kwa mkopo huohuo.

Leo nimeona nilijibu kwa kirefu. Mtaani kwetu kuna binti aliyepata daraja la pili akabakizwa nyumbani kwa neno hilo moja, riba. Sasa anajifunza kwangu kukunja pindo. Ana mkono mzuri, sikatai, lakini alitaka uuguzi.

Wazee wetu wachache waliofika Mlimani zamani walisomeshwa na serikali, chakula na malazi juu yake. Miaka ya 1990 ikashika sera ya kuchangia gharama, kisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005. Tangu hapo fedha ya chuo ni deni, lina jina lako na saini yako.

Na wanaosema riba hawakulitoa hewani. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kurejesha. Chukua deni la shilingi 10,000,000: tozo peke yake ni 600,000 kwa mwaka. Mwalimu anakatwa mshahara Januari mpaka Desemba, akienda kuangalia salio anakuta limepungua kiduchu, au limepanda. Wao waliita kulinda thamani. Sisi wa pwani tuliliita kwa jina lake. Wapo vijana walioacha nafasi zao za chuo kwa ajili hiyo, na mimi siwacheki. Walimwogopa Mungu.

Lakini jamani, hayo yamebadilika. Mei Mosi ya 2021, pale Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ile tozo ya asilimia 6 inafutwa, na kuanzia Julai 1 mwaka ule ikaondoka. Ile adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa. Kilichobaki juu ya deni ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja tu. Kwa mfano wetu wa milioni 10, ni 100,000, basi. Mimi ni fundi cherehani, si mwanachuoni, kwa hiyo hiyo asilimia 1 kamuulize shekhe unayemwamini. Ninachojua ni kwamba Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman 1986, lilikubali ada ya huduma kwenye mkopo ilimradi isizidi gharama halisi. Ukienda kwa shekhe, mpelekee hesabu ya leo. Ukimpelekea ya 2019 atakujibu ya 2019.

Waislamu wenzetu wa Uingereza wanatamani hata hapa tulipo. Mkopo wa chuo wa kule una riba. Serikali yao ilikusanya maoni kuhusu mkopo usio na riba tangu 2014, sheria ya kuuruhusu ikapita 2017, na wanafunzi bado wanausubiri.

Na niseme hili, mnisamehe. Baadhi ya wanaoniuliza kwa sauti ya chini, Ijumaa wanakwenda kwenye kikoba kinachowatoza asilimia 10 kwa mwezi, na wengine wameshachukua mikopo ya kausha damu mpaka wamebebewa makochi. Hiyo hawaulizi. Riba ya mama inafumbiwa macho, ya binti ndiyo inayokumbukwa siku ya kujaza fomu.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana mabinti wengi wa Kilwa na Lindi hukwama kwenye karatasi kabla hata ya kufika kwenye riba. Yatima anatakiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa RITA. Anayetoka kaya ya TASAF athibitishe. Fomu ipite serikali ya kijiji au mtaa na kwa kamishna wa viapo, na awepo mdhamini. Sasa angalia majina yetu. Kaka yangu kwenye cheti cha kifo ni Saidi, kwenye vyeti vya binti baba yake ni Said. Herufi moja! Kaka alifia Dar es Salaam, kwa hiyo karatasi zake zilikuwa huko, na tulianza kuzifuatilia Mei 2024, mwezi ambao mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga. Tulisubiri magari yapite, tukaenda, tukala hati ya kiapo, tukarudi. Mwenye binti kidato cha tano sasa hivi, toa vyeti vyote kabatini usiku huu, viweke mezani kimoja kimoja, soma majina herufi kwa herufi. Dirisha la maombi likishafunguliwa mjini mtabanana steshenari na watu mia, na wewe ndio kwanza unatafuta i.

Tena usidhani mkopo unabeba kila kitu. Unatolewa kwa viwango kulingana na hali ya familia, na wetu haukufika asilimia 100. Pengo la ada nalifunga kwa sare za shule za Januari. Fedha ya kujikimu, wanafunzi wanaiita bumu, ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapandishwa kuwa 10,000. Hiyo ni kula, kulala na nauli ya daladala, na haiji kila asubuhi. Inakuja kwa mkupuo, mwenyewe ujue kuigawa. Binti wa miaka 20 aliye mbali na kwao, bumu likiwa limekwisha na lingine halijatoka, ndipo simu za "kaka" fulani zinapoanza kuingia, za chipsi leo na kodi ya chumba kesho. Mimi wiki hizo natuma dagaa, unga na 20,000, na napiga simu mwenyewe usiku. Mama aliyenyima ruhusa kwa kuogopa riba, hili nalo aliogope vilevile. Nasikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya kilimo Ngongo, Lindi. Inshallah wengine watasoma karibu na macho yetu.

Halafu kulipa. Sheria ilibadilishwa 2016, makato yakatoka asilimia 8 ya mshahara wa msingi yakawa asilimia 15, na hayo 2021 hayakuguswa. Mshahara wa 700,000 unakatwa 105,000 kila mwezi badala ya 56,000. Wapo wanaosema fedha ya serikali hailipwi, ukikosa ajira ndiyo imepita hiyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya deni na kuliandika. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, hakulisalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulilipa. Kwa hiyo binti yangu nimemnunulia daftari. Kila bumu likiingia anaandika tarehe na kiasi, na ada iliyolipwa na Bodi ina ukurasa wake.

Daftari hilo limeshafanya kazi moja ambayo sikuitarajia. Likizo iliyopita ilikuja posa. Mjomba wake akamweleza mshenga wazi: binti ana deni la Bodi, akiajiriwa atakatwa asilimia 15, na kisheria ya dini mshahara wake ni wake na deni ni lake, mume asije akahesabia vyote viwili. Akamfungulia na daftari. Mshenga akasoma, akamaliza chai yake, akasema anakwenda kushauriana na waliomtuma. Ni mwezi wa tatu huu. Binti mwenyewe anasema, "Shangazi, asirudi, kwanza nina mitihani."