Ardhi Inayouma

Kaka yangu aliporudi likizo kutoka Malaysia, alikokuwa akisoma, aliniachia karata zake za Magic kwenye boksi la viatu. "Dogo, cheza nazo, ila usizivuruge." Nilizivuruga ndani ya wiki mbili.

Kwa asiyeujua mchezo: Magic: The Gathering ulibuniwa na Richard Garfield, ukatoka 1993. Una rangi tano, na kila rangi ina ardhi yake. Uwanda hutoa mana nyeupe, kisiwa buluu, kinamasi nyeusi, mlima nyekundu, msitu kijani. Mana ndiyo pesa ya mchezo. Ukiwa na joka jekundu mkononi na huna mlima mezani, basi una picha ya joka tu.

Kaka alikuwa na karata 60 za rangi tatu: nyekundu, nyeupe na buluu. Ardhi zilikuwa 24, na kati ya hizo 14 ziliniudhi sana. Zilitoa rangi zaidi ya moja, sawa, lakini ukichukua rangi zinakukata pointi moja ya uhai, nawe unaanza na 20 tu. Nne kati yake ziliitwa City of Brass, Mji wa Shaba. Kadi hiyo ilitoka kwanza katika toleo la 1993 lililochota visa vya Alfu Lela Ulela, na hutoa rangi yoyote uitakayo.

Mimi na akili zangu za kidato cha pili nikaona huu ni ujinga. Ardhi gani inamng'ata mwenye shamba? Nikazipeleka zote 14 kwa kijana mmoja wa Upanga, akanipa Shivan Dragon moja inayometameta. Nafasi nikazijaza ardhi za kawaida: milima 8, visiwa 8, nyanda 8. Hakuna kinachouma.

Likizo iliyofuata kaka akaja na karata nyingine, tukakaa sebuleni. Zamu ya kwanza kisiwa. Ya pili uwanda. Ya tatu kisiwa tena. Joka liko mkononi, linanitazama. Kufikia zamu ya saba nilikuwa nimeshapigwa, sijauona mlima hata mmoja.

Akazichukua karata zangu, akazipekua taratibu.

"Shaba zangu ziko wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba alizinunua moja moja, kila mwezi moja, akibana hela ya chakula.

Kisha akachukua kalamu. Ukianza wewe, hadi zamu ya tatu umeona karata 9. Ukiwa na milima 8 ndani ya karata 60, mara moja katika kila michezo minne hutakuwa umeuona hata mmoja. Ukiwa na vyanzo 14 vya rangi hiyo, ni kama mara moja katika 13. Hapo ni rangi moja tu, na mimi nilihitaji tatu. Pointi moja ya uhai ilikuwa bei ya kutokufa na karata saba mkononi.

Zipo njia nyingine. Kuna ardhi za rangi mbili zinazoingia mezani zimelala, unazisubiri zamu nzima. Mimi naziweka kwenye seti za polepole tu. Zipo pia zile za mwanzo za 1993, haziumi wala hazilali, lakini tangu 1996 kampuni iliahidi kutozichapa tena, na bei yake tusiizungumze.

Usiku ule kaka alinihadithia Mji wa Shaba wenyewe: msafara wa Amiri Musa, mji mzima wa maiti, na Talib aliyenyoosha mkono avue vito vya malkia, akakatwa kichwa palepale.

Kesho yake nilirudi Upanga. Yule kijana alikuwa ameshazigawa, amebakiwa na Mji wa Shaba mmoja. Alitaka joka lake. Nikampa.

Ninao hadi leo, kona moja imechakaa. Kila nikiulaza, naandika 19.