Mazowea Si Ujuzi

Ndugu msomaji, khabari ninayokusimulia imenipata mimi mwenyewe. Ni khabari ya kamera, na huenda ukasema kamera ina nini cha kuandikiwa makala. Nivumilie kidogo. Ibra haichagui mlango wa kuingilia.

Mimi ni mpiga picha wa Masasi. Asili yangu ni Lindi, lakini nimekaa Masasi muda mrefu hata watoto wangu wanayajua majabali yake kuliko wanavyoijua bahari. Riziki yangu ni picha za paspoti, za vyeti, na khasa za arusi. Huku kwetu arusi hufuata korosho. Zikisha kuuzwa, mikono ya watu hupata fedha, na hapo huwa sikai: leo Masasi, kesho Tandahimba, kesho kutwa Newala.

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi hiyo kwa kamera moja ya Nikon D90, aina iliyotoka mwaka 2008. Ilipokufa sikuwa na wa kumlaumu. Chombo kilitumika, vumbi jekundu la njia za uwanda wa Makonde likakiingia, kikachoka kama wanavyochoka viumbe wote. Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat akaniletea Canon EOS 80D, iliyotumika lakini nzima. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Mke wangu aliniuliza, "Hutajifunza kwanza?" Nikacheka. Nikamwambia mtu aliyekwisha kupiga picha tangu enzi za filamu hafundishwi kamera. Basi hapo ndipo kosa langu lilipoanza, ijapokuwa sikulijua.

Maana kamera hizi mbili, ingawa kwa mbali zafanana kama ndugu, zina desturi mbali mbali. Lenzi ya Nikon, ukiitazama kamera kwa mbele, huvikwa kwa kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa, na ya Canon kwa mwendo wa saa. Pete ya kuvuta picha karibu nayo huzunguka kinyume. Swichi ya kuwashia, niliyoizoea kuwa chini ya kidole cha kulia, sasa iko upande wa kushoto. Palipoandikwa S kwa ajili ya kuchagua kasi, hapa pameandikwa Tv. Lenzi zangu za zamani na flashi yangu nilizifungia sandukuni, kwa kuwa havikuelewana na mgeni.

Hayo yote yalinichelewesha tu. Lililoniangusha ni dogo kuliko hayo. Kila kamera ina kipimo cha mwanga, na kipimo hicho hudhani kwamba kila kinachoonekana mbele yake kina mwanga wa wastani, si mweupe sana wala si mweusi sana. Ukikionyesha kanzu nyeupe nyingi au mbingu iliyong'ara, chenyewe hukata mwanga, na nyuso za watu huingia giza. Kwa hiyo mpiga picha hukisahihisha kwa kuzidisha mwanga. Katika Nikon yangu alama ya kuzidisha ilikuwa kushoto na ya kupunguza kulia. Katika Canon, kuzidisha ni kulia na kupunguza ni kushoto.

Sasa sikiliza yaliyonifika Newala. Mji huo uko ukingoni mwa uwanda. Pahali paitwapo Shimo la Mungu ardhi hukatika ghafla, na chini yake hutandaa bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mzee mmoja alikuwa akimwoza binti yake, na miongoni mwa wageni alikuwapo kaka yake mkubwa, aliyekaa Msumbiji tangu ujana wao. Alivuka Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, akazunguka kwa Mangaka na Masasi mpaka akafika. Miaka mingi ilikuwa imepita hawajaonana.

Baada ya nikahi mzee aliniita pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, picha za arusi piga utakavyo. Lakini mimi na kaka yangu tupige vizuri. Hatuna hata moja ya pamoja."

Nikawasimamisha ukingoni, bonde liko nyuma yao, mbingu nyeupe, nao wamevaa kanzu. Nikakumbuka kuzidisha mwanga, na mkono wangu ukaenda kushoto kama ulivyozowea. Nikapiga picha saba. Jua la adhuhuri lilikuwa kali, kioo cha nyuma ya kamera sikukiona vizuri, nami sikutafuta kivuli nikakitazama. Kwa nini nikitazame? Si mimi ni fundi?

Usiku nilipozifungua picha hizo Masasi nilikuta bonde zuri, mbingu nzuri, na vivuli viwili vyeusi vimeshikana mikono. Nilijaribu kuziangaza kwa kompyuta, zikatoka nyuso za madoa madoa, macho hayaonekani. Na yule kaka alikuwa aondoke alfajiri.

Nilipopeleka kazi, nilimwambia mzee, "Kamera hii mpya ina kasoro." Akanitazama, akasema, "Basi mrudishie aliyekuuzia, asikutie khasara." Maskini, alinihurumia mimi! Nikapokea fedha yangu yote, nikapanda basi.

Ndugu msomaji, njia ya kutoka Newala hadi Masasi siku ile ilikuwa ndefu mno. Kamera haikuwa na kasoro hata moja. Ilifanya kile ilichoamrishwa na mkono wangu. Nimekisingizia chombo kisichoweza kujitetea, na nimemdanganya mtu mzima aliyenipa amana. Na fedha niliyoipokea kwa uwongo ule, nitawalisha nayo wanangu?

Wiki iliyofuata nilirudi. Nikaamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umesahau kitu?" Nikamweleza kweli yote, kwamba kasoro ilikuwa yangu, nikamrudishia fedha. Alinyamaza. Kisha akamwita mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, alete simu ya mama yake. Mle mlikuwamo picha aliyoipiga mtoto siku ile ile. Imekwenda upande, kidole chake kimeingia pembeni, na kipande cha kanzu kimekatwa. Lakini wazee wawili wanacheka, na nyuso zao zinaonekana mpaka mikunjo.

Mzee akasema, "Huyu alikuwa akiwatazama babu zake. Wewe ulikuwa ukiitazama kamera."

Sikuwa na la kujibu. Nikaomba picha ile, nikaisafisha Masasi, nikaitia fremu, nikampelekea mbili: moja yake, na moja ya kumpelekea kaka yake ng'ambo.

Tangu siku hiyo nilikaa na Canon yangu kama mwanafunzi wa chuoni na ubao wake. Mwezi mzima, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, nilipiga picha za ukuta mweupe, za buibui jeusi la mke wangu lililoanikwa, za uso wa mwanangu akiwa na jua nyuma yake. Kila picha nikaitazama kivulini. Mkono ulikataa, kisha ukakubali.

Na nilijifunza kutenganisha vitu viwili. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeishi Misri na kufariki karibu mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia ndani yake, na akafanya majaribio kwa chumba cha giza chenye tundu. Neno kamera lenyewe kwa Kilatini ni chumba. Chumba ni kile kile na mwanga ni ule ule, na mwenye kuujua mwanga hapotezwi na jina lililoandikwa juu ya chombo. Mimi nilidhani naujua, kumbe miaka kumi na moja nilijua kitufe kiko wapi. Huko ni kuzowea. Ujuzi ni kitu kingine.

Nawe, ndugu msomaji, jiulize: katika kazi yako, katika kuwalea wanao, katika kusema na jirani yako, ni lipi unalolijua na ni lipi mkono wako umelizowea tu? Usingoje chombo kibadilike ndipo ujue. Na kikibadilika ukakosea, sema nimekosea. Uongo wangu wa neno moja ulinipandisha Newala mara ya pili, na mlima ule si mdogo.