Mume Wangu Sasa ni Mwigizaji

Kuna swali watu wa Dar hawachoki kuliuliza: "Shemeji siku hizi yuko wapi?" Wanamaanisha anafanya kazi wapi. Kwa miaka sita nilikuwa na jibu fupi, yuko benki, na mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine. Tangu mwaka juzi nikiulizwa nasema anaigiza. Mtu anatabasamu, anasubiri niendelee. "Sawa, anaigiza. Lakini kazi je?"

Tawi lake lilipopunguza watu alipewa notisi ya siku 28, malipo ya likizo na kiinua mgongo. Wengi wetu tukisikia kiinua mgongo tunadhani ni mamilioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Piga hesabu mwenyewe: miaka sita ni siku 42. Na mwenye nyumba wetu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, jamani!

Alituma maombi ya kazi kama kila mtu. Jioni akawa anakwenda kwenye kikundi cha maigizo Magomeni, nami nikaona ni vizuri, anapunguza mawazo. Mwezi wa tatu akaniambia hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Tukakaa mezani na daftari. Mshahara wangu ulishe nyumba na kumsomesha Naima, akiba ilipe kodi, na yeye apewe mwaka mmoja. Ukiisha, daftari linafunguliwa upya.

Nilichokuja kukijua ni kwamba mwigizaji anashinda kwenye kusubiri. Anaambiwa afike lokesheni saa 12 asubuhi, nyumba ya kukodi Mbezi Beach au Kigamboni. Jenereta la jirani linanguruma, sauti hairekodiki. Mwigizaji mkuu kakwama kwenye foleni. Jua linazama, sini yake inasogezwa kesho. Anarudi saa 5 usiku hajasema neno hata moja mbele ya kamera, na kama malipo ni kwa sini, siku hiyo kapata nauli na wali maharage. Nguo ni zako mwenyewe. Hapo ndipo suti za benki zilipogeuka mtaji: anayetafuta bosi, wakili au mchungaji tajiri anampigia yeye, maana ana suti tatu zinazomkaa. Kawa bosi mara tano. Karani hajapewa hata siku moja.

Halafu kuna lile ambalo mashoga zangu huniuliza kwa sauti ya chini. Ndiyo, kwenye tamthilia ana mke mwingine, na ndiyo, nimemwona akimfuta machozi. Mara ya kwanza tulikuwa tunaangalia na mama mkwe. Akashika rimoti, akabadilisha chaneli.

"Mwanangu, hii nayo ni kazi?"

"Ni kazi, mama. Ila hawajamlipa bado."

Kusema kweli, kumbatio halikuniuma. Kilichoniuma ni jinsi alivyomsikiliza yule dada mpaka mwisho bila kugusa simu. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, lakini tangu siku hiyo simu inalala chumbani tukiwa tunakula.

Mama mkwe naye simlaumu. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, alikuwa kwenye ule umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni. Kwake mwigizaji ni mtu kama yule, au ni mtu asiye na kazi, basi. Katikati haoni kitu. Mume wangu yuko katikati, pamoja na wenzake wengi ambao sura zao unazijua na majina yao huyajui.

Pesa za huko katikati hazina tarehe. Kuna kazi moja aliifanya bila karatasi yoyote, akazungushwa miezi minne kwa "wiki ijayo, kaka". Ndiyo maana kama mwenzi wako anaingia huku, nakushauri msimamie mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye kiasi na siku ya kulipwa. Wapo watakaomwona anajidai. Waache wamwone.

Mwezi wa tisa wa makubaliano yetu rafiki yake wa zamani akapiga simu: kuna nafasi ya ofisa mikopo Mbeya, kuanza baada ya wiki mbili. Mshahara mdogo kuliko ule wa zamani, lakini unaingia kila tarehe 25. Wakati huo alikuwa amebakiza sini kumi na moja kwenye tamthilia. Alikaa barazani mpaka saa 6 usiku.

Mimi nilitaka aende. Nilikuwa nimechoka kuhesabu. Nikamwambia, "Baba Naima, mimi nataka uende. Lakini daftari linasema mwaka mmoja, na bado miezi mitatu." Asubuhi akapiga simu kukataa. Siku tatu hatukuongea ila mambo ya mtoto.

Mwaka ulipoisha tulilifungua daftari. Miezi 12 ya kuigiza ilikuwa imeleta chini kidogo ya mishahara minne ya benki, na sehemu kubwa haikutoka kwenye tamthilia. Ilitoka kwenye matangazo ya redio, ambako sauti yake ya nusu saa ililipwa kuliko siku mbili za lokesheni. Hilo hatukulitarajia wote wawili. Tukamwongeza mwaka, kwa masharti: gari liuzwe, na tuhame Sinza twende Kimara, vyumba viwili badala ya vitatu. Mama mkwe alikuja kutusaidia kufunga vyombo. Suti alizifunga yeye mwenyewe, moja moja, kwenye mifuko ya dobi.

Mwezi huu ana siku nne za kurekodi. Moja imeshaahirishwa.