Nyumba Kuukuu Katika Kijiji cha Uholanzi

Huenda una mtoto au ndugu anayefanya kazi Uholanzi. Siku moja atakuandikia kwamba anataka kununua nyumba. Atasema ni ya zamani, iko kijijini, na bei yake ni nafuu. Soma habari hizi, upate la kumwuliza.

Uholanzi ni nchi ndogo. Ungeweza kuiweka ndani ya Tanzania mara ishirini, na nafasi ikabaki. Karibu robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Maji huzuiwa kwa matuta makubwa, na pampu huyatoa mchana na usiku. Watu ni wengi, nyumba ni chache. Mwaka 2022 wastani wa bei ya nyumba moja ulipita euro 400,000.

Mpwa wangu ni muuguzi huko. Mshahara wake haufiki bei hiyo. Ndiyo maana alitazama Pekela, katika mkoa wa Groningen, karibu na mpaka wa Ujerumani. Bei za Pekela ni miongoni mwa zile za chini kabisa nchini. Mwaka 2024 nilikwenda kumtembelea. Akaniambia, "Mjomba, wewe ni bwana shamba, unajua udongo. Twende ukatazame."

Pekela ina vijiji viwili, Oude Pekela na Nieuwe Pekela. Nyumba zimejipanga kando ya mfereji mrefu. Mfereji huo una sababu yake. Zamani hapa palikuwa na kinamasi. Majani yalioza majini kwa maelfu ya miaka, yakawa udongo mweusi mzito. Watu waliuchimba, wakaukausha, wakaupeleka mijini kwa mashua uwe kuni. Ulipokwisha, ulibaki mchanga uliochanganyika na mabaki ya udongo huo. Leo wakulima hupanda viazi humo. Vingi si vya kula, ni vya kutoa wanga. Kiwanda ni cha ushirika wa wakulima wenyewe, unaoitwa Avebe, ulioanzishwa mwaka 1919. Nilifurahi kuona ushirika umeishi miaka zaidi ya mia.

Palikuwa pia na viwanda vya kutengeneza makaratasi magumu kwa mabua ya ngano. Vingi vilifungwa. Vijana wengi wakafuata kazi mijini. Kijiji kikawa kimya, na bei ya nyumba ikabaki chini.

Nyumba zenyewe zimeungana kwa safu, kama kota za reli. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Mbele kuna dirisha kubwa, nyuma kuna bustani ndogo. Ngazi ya ndani imesimama mno. Mzee wa miaka sabini angepanda akiomba Mungu.

Sasa tuje kwenye udongo. Katika miji ya magharibi, kama Gouda, ardhi ni laini mno. Nyumba nyingi za zamani zilisimamishwa juu ya nguzo za miti. Wewe mkulima unajua nguzo ya ua huozea wapi. Haiozi chini kabisa, huozea pale udongo na hewa vinapokutana. Nguzo za nyumba ni hivyo hivyo. Zikibaki ndani ya maji hudumu. Maji ya ardhini yakishuka, kuvu huanza kuzila, na nyumba hukaa upande. Kutengeneza msingi hugharimu makumi ya maelfu ya euro. Tena katika safu huwezi kutengeneza peke yako vizuri, lazima majirani wakubali.

Kaskazini ya Pekela kuna jambo jingine. Huko gesi ilichimbwa kwa miaka mingi, na ardhi ikatetemeka. Tetemeko kubwa lilitokea Huizinge mwaka 2012. Nyumba nyingi zilipata nyufa. Uchimbaji ulisimamishwa mwaka 2023. Basi mnunuzi aulize: ufa huu ni wa nini, na ni wa lini?

Nyumba ya kwanza tuliyoiona ilikuwa na rangi mpya katika chumba kimoja tu. Mimi nilishuku. Mkaguzi wa majengo alikuta unyevu umepanda ukutani. Nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920 nyingi zina ukuta mmoja wa matofali usio na uwazi katikati, nao hupitisha baridi na unyevu. Bandani kulikuwa na paa la asbesto, ambayo imepigwa marufuku huko tangu mwaka 1993. Mpwa wangu aliiacha.

Wengine walimwambia ukaguzi ni kupoteza euro mia kadhaa. Mimi sikubali. Katika mikataba mingi ya nyumba kuukuu kuna kifungu cha umri. Kinasema mnunuzi anajua nyumba ni ya zamani, na asitegemee ubora wa nyumba mpya. Ukishatia sahihi, ubovu mwingi ni wako. Mkopo wa benki kwa kawaida hauzidi thamani ya nyumba. Kodi ya uhamisho, ada ya notari na mara nyingi matengenezo hutoka mfukoni. Mfuko wa mpwa wangu ndio unaolipia dawa za mama yake huku kijijini.

Sheria inamlinda kidogo. Baada ya kupokea mkataba uliotiwa sahihi, mnunuzi ana siku tatu za kufikiri. Anaweza kujitoa bila kutaja sababu na bila kulipa. Anaweza pia kuweka sharti kwamba asipopata mkopo, mkataba unavunjika. Sharti hilo liandikwe. Mwishoni notari huandika hati, na jina huingizwa katika daftari la ardhi la taifa.

Nyumba ya pili ilikuwa ng'ambo ya mfereji. Mkaguzi alikuta msingi mzima, bomba la maji la risasi, na mfereji wa paa unaovuja. Mabomba ya risasi bado yako katika baadhi ya nyumba za kabla ya mwaka 1960, nayo hudhuru watoto. Muuzaji alipunguza bei. Mpwa wangu alitumia siku zake zote tatu, akapiga hesabu na mama yake kwa simu, kisha akanunua.

Bomba lilibadilishwa kabla hajapika chakula cha kwanza. Jirani bibi kizee alikuja kumwonyesha njia ya nyuma, ambayo kwa hati majirani wote wana haki ya kupitishia baiskeli na mapipa ya taka.